Mawimbi Mawili

Msimu ule nilikuwa karani wa majani.
Usicheke, ndicho cheo kilichoandikwa kwenye barua:
baiskeli, daftari, na kila maili tatu kushuka
kuhesabu mihogo thelathini, mingapi imejikunja.

Soroti, ishirini na tisa.
Awoja, kabla ya daraja, kumi na minane.
Ng'ambo ya kinamasi, minne.
Kapir, sifuri. Kapir ilikuwa kijani hadi ikakera.

Mwaka wa pili, mwezi uleule, tairi zilezile,
nambari hazikubadilika, zilihama tu.
Kapir ikanijibu kumi na minane
kama iliyofundishwa na Awoja.
Mukura ikashika minne. Bwana Shamba akanishuku
kwamba nililala nyumbani nikanakili ukurasa wa zamani.

Mwalimu Ekwaru wa Ngora hakunishuku.
Alikaa na daftari mpaka kengele ya mwisho,
kisha akachora kwa kijiti kwenye vumbi la kiwanja
mteremko mmoja, na uleule pembeni, na uleule tena.
"Hili ni wimbi," akasema. "Linahama, halibadili umbo."
Nikamwambia: kwetu wimbi ni la uji.
"Ngoja," akasema, "mtalirudia hilo pia."

Shamba zima lenye afya, alieleza,
ni yai juu ya ncha ya kisu:
limetulia, lakini inzi mmoja mweupe anatosha,
mdogo kama chembe ya unga uliopulizwa.
Ugonjwa huzaa ugonjwa hadi ukose pa kuzalia;
hapo hushiba, husimama, na nyuma yake ni manjano tupu.
Kasi yake ni mara mbili ya kipeuo cha pili
cha kuzaana mara kutawanyika.
Polepole kuliko hapo haliwezi.
Wala halisukumwi na mgongo, na mashamba yaliyokwisha.
Linavutwa na ncha,
na jani lile moja la mbele
ambalo karani hakuliona,
akaandika sifuri.

Sifuri yangu ya Kapir. Nililala nayo wiki nzima.

Nikapiga hesabu. Kwa dada yangu Apolot, Kumi,
lingefika na mvua za pili za mwaka unaofuata.
Nikaendesha kwenda kumwambia.
Nilimkuta akifunga pingili arobaini za muhogo
kwa kamba ya mgomba, zawadi ya bibi arusi wa Bukedea.
Nikakitazama kile kifurushi, nikaiona herufi ya mwalimu,
ile ya kutawanyika: kumbe si inzi pekee, si upepo,
ni shemeji, ni jirani, ni "chukua na wewe ukapande".
Tungekuwa wachoyo, lingetambaa kama konokono.

"Kwa hiyo nisimpe?"
Sikuwa na kipeuo cha swali hilo.
Akakaza fundo kwa meno.

Lilifika. Nilikosea siku kumi na moja tu,
na nikaona aibu kwa furaha niliyoihisi.
Apolot aling'oa mizizi myembamba kama vidole vya mtoto,
akachoma mashina, akapanda wimbi,
lile jingine, linalosagwa.

Misimu mitano baadaye alikuja mwanamke kwa baiskeli
kutoka upande wa Serere, na pingili ngeni,
chungu kidogo, zenye majani yaliyonyooka.
Akampa Apolot kumi.
Apolot akagawa nne kabla hajapanda sita.

Nikafungua daftari. Kwa Apolot: sita, zote nzima.
Ng'ambo ya barabara: niliandika sifuri,
nikaifuta kwa kidole chenye mate,
nikaacha nafasi wazi.